Dawa zilizofunga njia panda ya neva na kushusha shinikizo la damu

KABLA ya mwaka wa 1950, mgonjwa aliyepatikana na shinikizo la damu la kiwango hatari kabisa, lile ambalo tayari limeanza kuharibu macho na figo, hakuwa na matumaini makubwa ya kuishi. Mwaka wa 1939, madaktari wa kliniki ya Mayo nchini Marekani walichapisha rekodi za wagonjwa wa aina hiyo. Asilimia 79 walifariki katika muda wa mwaka mmoja. Baada ya miaka mitano, ni asilimia moja pekee waliokuwa hai.

Cheo nacho hakikumfaa mtu. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa mnamo Machi 1944 na kupatikana na shinikizo la 186 kwa 108. Alipunguziwa chumvi katika chakula, akapewa dawa ya kuutia moyo nguvu na nyingine ya kumtuliza, kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kuushambulia ugonjwa wenyewe. Mnamo Aprili 12, 1945, kipimo chake kilifika 300 kwa 190, naye akafariki siku hiyo hiyo baada ya damu kuvuja ubongoni.

Miongoni mwa dawa za kwanza zilizoibadilisha hali hiyo ni zile zinazozuia mawasiliano ndani ya ganglia, yaani mafundo ya neva. Siku hizi dawa hizo zimetoweka katika matibabu ya kawaida, na madaktari wengi vijana wamezisoma vitabuni tu. Hata hivyo, anayetaka kufahamu jinsi neva zinavyoongoza shinikizo la damu, na kwa nini baadhi ya dawa za presha humtia mtu kizunguzungu anaposimama, hana budi kuanza nazo.

Mwili wa binadamu una neva zinazofanya kazi bila kusubiri amri ya mwenyewe. Hizo ndizo zinazoendesha moyo, matumbo, kibofu, tezi za jasho na mboni za macho. Neva hizo zimegawika katika makundi mawili makuu. Kundi la simpathetiki huuandaa mwili kwa kazi na hatari: moyo huenda mbio, mishipa ya damu hukaza na mboni hupanuka. Kundi la parasimpathetiki husimamia utulivu: moyo hupunguza kasi, mate hutoka na chakula husagwa.

Amri za simpathetiki hutoka ubongoni, zikateremka ndani ya uti wa mgongo na kuchomoza katika sehemu ya kifua na kiuno. Hata hivyo, hazifiki moja kwa moja kwenye moyo wala kwenye mshipa wa damu. Huingia kwanza katika ganglia, ambazo nyingi zimepangika kama shanga kandokando ya uti wa mgongo, kulia na kushoto.

Kila fundo ni njia panda. Neva inayotoka kwenye uti wa mgongo huishia hapo, na nyingine huanzia hapo. Kati yake pana mwanya mdogo mno ambao ujumbe hauwezi kuuvuka kwa nguvu za umeme. Kwa hivyo neva ya kwanza humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka mwanya na kunata kwenye vipokezi vya neva ya pili. Vipokezi hivyo vina tundu katikati. Tundu likifunguka, chembe zenye chaji za umeme huingia na neva ya pili huamka. Neva hiyo husafiri hadi kwenye mshipa wa damu na kumwaga kemikali tofauti, noradrenalini, ambayo huufanya ukuta wa mshipa ukaze.

Neva za simpathetiki hazilali. Hata mtu akiwa ameketi kivulini ametulia, ujumbe mdogo mdogo huendelea kupita kwenye mafundo na kuiweka mishipa katika hali ya kukaza kiasi. Mishipa midogo ya ateri ikikaza zaidi, damu hupita kwa shida na shinikizo hupanda, sawa na maji ya mpira wa bustani mtu anapoubana mdomo wake kwa kidole. Vena nazo zikikaza, damu hurudi moyoni kwa wingi na moyo huisukuma kwa nguvu zaidi.

Kazi ya neva hizi hudhihirika zaidi mtu anapoinuka kitandani. Punde anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huvutwa kuelekea miguuni na tumboni. Vihisio vilivyo kwenye ateri za shingo na kwenye mshipa mkuu ulio juu ya moyo hugundua upungufu huo na kuujulisha ubongo. Ubongo nao hutuma amri kupitia ganglia, mishipa hukaza, moyo huongeza kasi, na mambo yote hukamilika katika sekunde chache bila mwenyewe kufahamu kwamba alikuwa karibu kuzirai.

Kwamba neva huchangia ugonjwa wa presha si nadharia ya ng'ambo tu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1990 uliwafuatilia watu wa jamii ya Waluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani magharibi mwa Kenya, ukawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la waliohamia lilianza kupanda mapema. Chumvi ilikuwa na sehemu yake, na uzani wa mwili pia, lakini hata mapigo ya moyo yao yalikuwa ya kasi kuliko ya wale waliobaki.

Siri ya ganglia ilifichuliwa kwa msaada wa tumbaku. Mwaka wa 1889, John Langley na William Dickinson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliipaka nikotini juu ya fundo la neva shingoni mwa wanyama wa maabara. Kisha waliichochea neva kwa umeme upande wa kabla ya fundo. Mboni ya jicho haikupanuka tena. Walipoichochea upande wa baada ya fundo, mboni ilipanuka kama kawaida.

Maana yake ilikuwa wazi: nikotini ilikuwa imeifunga njia panda yenyewe, huku barabara za pande zote mbili zikibaki salama. Kwa mbinu hiyo rahisi Langley aliweza, kwa miaka mingi, kubainisha ni neva ipi inayoishia katika fundo lipi na ni ipi inayopita tu. Ndiye pia aliyezipa neva hizi, mwaka wa 1898, jina la kitaalamu lenye maana ya neva zinazojitawala.

Nikotini yenyewe haikufaa kuwa dawa. Kwanza huichokoza ganglia, ndipo huizima, na ni sumu kali kwa kipimo kikubwa. Mvutaji sigara hupata ule uchokozi wa mwanzo: moyo wake hudunda kwa kasi na shinikizo hupanda, jambo ambalo mwenye presha hapaswi kulipuuza.

Mwaka wa 1946, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba tetraethilamoniamu, kemikali ambayo tayari ilikuwa ikifahamika, ingeweza kuzuia ganglia na kushusha shinikizo. Tatizo ni kwamba nguvu zake zilikwisha upesi.

Hatua kubwa ilikuja miaka miwili baadaye jijini London. William Paton na Eleanor Zaimis, wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, walikuwa wakichunguza kemikali zenye umbo la mnyororo: ncha mbili za amoniamu zilizounganishwa kwa atomi za kaboni. Walipobadilisha urefu wa mnyororo, kazi ya kemikali ilibadilika kabisa. Ile yenye kaboni 10 ililegeza misuli ya viungo, na ikaingia katika vyumba vya upasuaji. Ile yenye kaboni 6, heksamethoniamu, haikuigusa misuli kwa kiwango cha maana bali iliizima ganglia.

Ugunduzi huo ulikuwa na uzito wa kisayansi pia. Vipokezi vya misuli na vile vya ganglia vyote huitikia asetilikolini na nikotini, ila urefu wa mnyororo ulithibitisha kwamba si vipokezi vya aina moja. Imefahamika baadaye kwamba heksamethoniamu huziba hasa lile tundu la katikati ya kipokezi, ilhali trimetafani, dawa nyingine ya kundi hili, hushindania nafasi na asetilikolini yenyewe. Njia ni mbili, matokeo ni mamoja: ujumbe hufika kwenye fundo na kukomea hapo.

Madaktari hawakukawia kuijaribu kwa wagonjwa wa presha. Anayekumbukwa zaidi ni Horace Smirk, profesa wa tiba katika mji wa Dunedin, New Zealand, ambaye alianza kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1950. Wagonjwa wake walifunzwa kujidunga sindano chini ya ngozi kila siku, na kipimo cha dawa kiliongezwa hatua kwa hatua. Shinikizo liliposhuka na kudumu chini, uvimbe ulioonekana nyuma ya jicho ulianza kupungua, maumivu ya kichwa yalitulia, na moyo uliokuwa umelemewa ukapata nafuu.

Hili halikuwa jambo dogo. Wakati huo walikuwapo madaktari mashuhuri walioamini kwamba shinikizo la juu lilikuwa njia ya mwili kuilazimisha damu ipite kwenye mishipa iliyokakamaa, na kwamba kulishusha kungemwua mgonjwa. Mwaka wa 1959, madaktari wa hospitali ya Hammersmith jijini London walichapisha matokeo ya miaka saba ya kuwatibu wagonjwa 94 wa presha ya kiwango hatari. Ilibainika kwamba wale ambao figo zao hazikuwa zimeharibika sana kabla ya tiba ndio walionufaika zaidi. Watu ambao mwongo mmoja awali wangezikwa katika mwaka huo huo, sasa walikuwa wakirejea nyumbani.

Lakini walirejea wakiwa na mizigo mingine. Ganglia ni njia panda ya kila mtu. Neva za simpathetiki na za parasimpathetiki zote hutumia asetilikolini na vipokezi vya jamii moja ndani ya mafundo yake, na dawa haina macho ya kubagua. Anayeifunga njia panda ili kulizuia gari moja huyazuia yote.

Matokeo yake yalitegemea ni kundi lipi lililokuwa likitawala katika kila kiungo. Kwenye mishipa ya damu, simpathetiki ndiyo inayotawala, hivyo mishipa ililegea na shinikizo likashuka. Kwenye moyo uliotulia, parasimpathetiki ndiyo yenye usukani, hivyo moyo uliweza hata kwenda kasi kidogo. Mdomo ulikauka. Macho yalishindwa kusoma maandishi ya karibu, na mwanga ukayaumiza kwa sababu mboni zilibaki wazi. Matumbo yalizembea na choo kikafunga. Kibofu kilikataa kujimwaga, hasa kwa wanaume wazee. Jasho lilipungua, na nguvu za kiume zikapotea.

Paton mwenyewe, mwaka wa 1954, aliandika maelezo ya mtu wa kubuni anayeishi chini ya heksamethoniamu. Maelezo hayo yalipata umaarufu mkubwa miongoni mwa wanafunzi wa udaktari, na hadi leo baadhi ya walimu huwauliza wanafunzi wao wamweleze mtu huyo kiungo kwa kiungo. Ni mzaha wenye faida: anayeweza kueleza kwa nini mtu huyo hawezi kutoka jasho wala kupauka kwa hofu ameufahamu mfumo mzima wa neva hizi.

Athari iliyowatesa wagonjwa zaidi ilikuwa kusimama. Mgonjwa aliyelala chali angeweza kuwa na shinikizo lisiloshuka sana, lakini punde alipoinuka, damu ilitelemkia miguuni na amri ya kukaza mishipa haikupita. Shinikizo liliporomoka, macho yakaingia giza, na mgonjwa akaanguka. Kwa sababu hiyo madaktari walijifunza kulipima shinikizo mgonjwa akiwa wima, na wakatumia hali hiyo kama sehemu ya tiba: kichwa cha kitanda kiliinuliwa usiku ili dawa iendelee kufanya kazi usingizini. Siku ya joto kali, kazi ya sulubu au pombe viliweza kulishusha shinikizo kupita kiasi.

Kulikuwa na hatari nyingine iliyojificha tumboni. Heksamethoniamu hubeba chaji ya umeme wakati wote, kwa hivyo ikimezwa ni sehemu ndogo tu inayopenya kuta za utumbo, na sehemu hiyo hubadilika siku hadi siku. Dawa yenyewe huufanya utumbo uzembee. Utumbo ukizembea, dawa hukaa humo kwa muda mrefu zaidi na kuingia mwilini kwa wingi usiotarajiwa. Mgonjwa aliyekosa choo kwa siku kadhaa angeweza kujikuta ghafla katika hatari ya kifo. Kumpa mgonjwa wa presha dawa ya kulainisha choo lilikuwa suala la uhai.

Viwanda vya dawa vilitafuta suluhisho. Mekamilamini, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1950, haina chaji ya kudumu, hivyo hupenya utumbo vizuri na hutosha kumezwa kama kidonge. Lakini kinachopenya utumbo kwa urahisi huweza pia kupenya hadi ubongoni, na baadhi ya wagonjwa walitetemeka, wakachanganyikiwa au wakapata kifafa. Tatizo la ganglia lilibaki palepale, kwani halikuwa kosa la kemikali moja bali la mahali penyewe palipolengwa.

Chumba cha upasuaji kilizipokea dawa hizi kwa moyo mkunjufu zaidi. Mwaka wa 1950, daktari wa dawa za usingizi wa Uingereza, Hale Enderby, alieleza jinsi pentamethoniamu pamoja na kukiinamisha kitanda zilivyoweza kupunguza kuvuja kwa damu wakati wa upasuaji. Trimetafani ilikuja kupendwa kwa kazi hiyo. Ilipitishwa kwenye mshipa tone kwa tone, na dripu ilipofungwa, nguvu zake ziliisha katika dakika chache. Ilitumiwa pia pale ukuta wa mshipa mkuu wa damu unapoanza kuchanika, hali ambayo kila pigo kali la moyo huweza kuupanua mchaniko.

Utafiti wa presha baada ya hapo unaweza kuelezwa kama safari ya kuikimbia njia panda. Reserpini, iliyotokana na mmea unaotumika tangu jadi nchini India, na guanethidini, iliyotangazwa mwaka wa 1959, zililenga miisho ya neva za simpathetiki, mbele ya ganglia, na kuziacha zile za parasimpathetiki. Methildopa, ambayo akina mama wajawazito wenye presha wangali wanapewa, hufanya kazi nyuma ya ganglia, ubongoni kunakotoka amri. Propranololi, iliyoanza kutumika miaka ya 1960 kutokana na kazi ya mwanasayansi James Black, huziba vipokezi vya moyo wenyewe.

Nyingine ziliachana na neva kabisa. Klorothiazidi, dawa ya kuongeza mkojo iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, hupunguza chumvi na maji mwilini. Mwaka wa 1967, utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ulioongozwa na Edward Freis, ulitoa matokeo ya wanaume 143 wenye presha kali. Baadhi walipewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliotibiwa waliepuka madhara makubwa kwa kiwango kilichonyamazisha ubishi. Dawa zilizotumika zilikuwa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kuzuia ganglia.

Nchini Kenya, ambako uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikadiria kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu, wagonjwa wengi hupewa dawa za baadaye zaidi kama amlodipini, enalaprili, losartani na zile za kuongeza mkojo. Hizi huacha amri ya kusimama ipite. Hata hivyo wazee, wenye kisukari ambacho kimeharibu neva zao, na wanaotumia dawa kadhaa kwa pamoja wangali wanaweza kupata kizunguzungu. Mgonjwa wa namna hiyo ashauriwe kuketi ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama, na amweleze daktari ili apimwe akiwa amelala na akiwa wima. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Heksamethoniamu ilirudi katika vichwa vya habari kwa njia ya kusikitisha mnamo Juni 2001. Mwanamke wa umri wa miaka 24, aliyekuwa na afya njema na aliyejitolea kwa utafiti wa pumu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alifariki baada ya kuivuta dawa hiyo kama mvuke. Mapafu yake yaliharibika. Ripoti za miaka ya 1950 zilizotaja madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilikuwapo, lakini hazikuwa zimezingatiwa utafiti huo ulipopangwa. Mwezi uliofuata, serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda utafiti mwingi wa chuo hicho uliohusisha binadamu na kugharimiwa na fedha za umma.

Katika maabara chache, dawa za kuzuia ganglia zimeendelea kuwa chombo cha kupimia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walitumia trimetafani kuzima neva kwa muda mfupi na kuangalia shinikizo linashuka kiasi gani. Kiasi kinachoshuka ndicho kilichokuwa kikishikiliwa na neva. Kwa njia hiyo walionyesha, mwaka wa 2007, kwamba kwa watu wanene kupita kiasi neva hushikilia sehemu kubwa ya shinikizo kuliko kwa wembamba.

Wazo la kukata amri za simpathetiki nalo halijafa. Katika miaka ya 1930 na 1940, wapasuaji kama Reginald Smithwick wa Boston walikuwa wakizikata neva na ganglia zenyewe kwa kisu, upasuaji mkubwa uliomwacha mgonjwa na matatizo yale yale ya kusimama. Sasa neva zinazolengwa ni zile zinazozunguka ateri za figo pekee. Mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa, na neva huunguzwa kwa mawimbi ya redio au ya sauti. Jaribio kubwa la mwaka wa 2014, lililohusisha wagonjwa 535, halikuonyesha faida iliyozidi ile ya matibabu ya kuigiza. Vifaa vikaboreshwa, majaribio yakarudiwa, na mnamo Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha viwili kati yake. Shinikizo hushuka kwa milimita chache tu za zebaki, na wagonjwa wengi huendelea kumeza vidonge vyao.